Udongo Umekwenda Wapi? Tathmini ya Sanduku la Kufundishia Mmomonyoko kwa Watoto Wadogo

Kwa muda wa majuma sita nimekuwa nikitumia sanduku la vifaa vya kufundishia mmomonyoko wa udongo na miamba pamoja na watoto 14 wenye umri wa miaka 5 hadi 8. Masanduku ya aina hii hutengenezwa na kampuni nyingi na hufanana sana, kwa hiyo sitataja jina la mtengenezaji. Ninayoyasema hapa yatamfaa yeyote anayefikiria kununua mojawapo, au hata anayetaka kujitengenezea la kwake. Niseme mapema kwamba kipimo changu kilikuwa kimoja tu: je, mtoto akishamaliza kucheza, anaweza kunionyesha udongo ulitoka wapi na umekwenda wapi? Mtoto anayeweza kuifuata safari hiyo kwa kidole ameelewa mmomonyoko hata kama neno lenyewe halijui, na yule anayelikariri neno bila kuiona safari hajaelewa kitu hata akilitamka pasipo kukosea. Kwa kipimo hicho sanduku hili limefaulu vizuri sana kwa maji, limefaulu kwa taabu kwa mawe, na kwa upepo limeshindwa.

Ndani yake mna trei ya plastiki yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, ambayo upande mmoja ina mdomo wa kutolea maji; vikombe vinne vinavyopenya nuru; kopo la kumwagilia; kabari mbili za mbao za kuinulia trei; mifuko ya udongo, mchanga, mfinyanzi na changarawe; vipande vya mawe ya aina tatu, yaani itale, jiwe la mchanga na jiwe la chokaa; chupa pana yenye kifuniko; vipande vya chaki; kipulizio cha mpira; mbegu za nyasi; kadi 12 za picha; na kijitabu cha kurasa 24 kwa ajili ya mwalimu au mzazi. Hakuna hata kimoja ambacho hakina kazi, ingawa, kama nitakavyoeleza, viwili kati ya hivyo havifanyi kazi ambayo kijitabu kimeahidi.

Trei ndiyo roho ya sanduku, na lau ningeruhusiwa kubaki na kitu kimoja tu, ningeichukua hiyo pamoja na vikombe vyake. Mpango wake ni mwepesi. Unajaza udongo na kuushindilia kidogo, unaweka kabari chini ya upande mmoja ili upate mteremko, unaweka kikombe chini ya mdomo, kisha mtoto anamwagilia maji upande wa juu. Katika jaribio la kwanza udongo huachwa wazi, na katika la pili hufunikwa kwa majani makavu. La tatu linahitaji subira, kwa maana nyasi hupandwa ndani ya trei na kungojewa siku 10 au zaidi mpaka mizizi yake ishikane. Mara zote tatu maji ni lita moja na mteremko ni uleule, na yale yanayochuruzika huhifadhiwa katika kikombe chake, hata mwisho vikombe vitatu vinasimama pamoja dirishani.

Nimeona njia nyingi za kuwaeleza watoto kwamba mimea huzuia mmomonyoko, na nyingi huishia kwenye picha ya mti upande mmoja na korongo upande wa pili, mtoto akaambiwa aamini. Vikombe hivi havihitaji kuaminiwa, kwa sababu maji yaliyomo mtoto ameyamwaga mwenyewe. Kikombe cha udongo wazi kilikuwa kama matope ya kufinyangia, na kilipotulia kilikuwa na mashapo ya kina cha sentimita 3. Cha majani makavu kilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Cha nyasi kilikaribia kuwa safi, na mashapo yake hayakufika hata nusu sentimita. Mtoto mmoja wa miaka 6 aliviangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba nyasi zina vidole chini na zimeushika udongo. Sikumsahihisha, kwa sababu sikuona cha kusahihisha.

Hata hivyo kijitabu kinaishia kwenye mizizi, na hapo kinaacha jambo kubwa pembeni. Majani makavu hayana mizizi. Yamelala tu juu ya udongo, na bado yalipunguza tope. Ukweli ni kwamba mmomonyoko unaanza kabla maji hayajaanza kutiririka, pale tone la mvua linapoipiga ardhi tupu na kuzirusha chembe za udongo hewani. Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita 5 hivi, huanguka kwa mwendo wa takriban mita 9 kwa sekunde, na udongo usiofunikwa hupokea pigo hilo kwa mamilioni ya matone katika mvua moja. Jani likiwapo, pigo linaishia juu yake. Nilisimamisha karatasi nyeupe nyuma ya trei kabla ya kumwagilia, na baadaye watoto wakahesabu madoa: kwenye udongo wazi walichoka kuhesabu, na kwenye udongo uliofunikwa walipata madoa saba. Jaribio hili halimo katika kijitabu. Mtengenezaji angeongeza karatasi moja tu ndani ya sanduku na nusu ukurasa wa maelezo, angekuwa ameliboresha kuliko kwa kadi zote 12.

Tatizo jingine la hapohapo ni kopo la kumwagilia. Kijitabu kinaelekeza limwagwe kutoka kimo cha sentimita 20, yaani kimo kinachomfaa mtoto aliyekaa, lakini tone linaloanguka kutoka kimo hicho hufika chini likiwa na mwendo wa mita 2 tu kwa sekunde, nalo haliwezi kurusha kitu cha kuonekana. Mtu mzima akilishika kopo juu ya kichwa chake, mita 2 kutoka kwenye trei, tone hufika na mwendo unaozidi mita 5 kwa sekunde, na hapo ndipo karatasi nyeupe inapopata madoa. Bila shaka sakafu nayo italowa. Ninashauri kazi hii ifanyike nje.

Vikombe vina zawadi nyingine ambayo niliigundua kwa bahati, kwa kusahau kuviosha. Kikombe cha mchanga kilitulia mara moja: chembe zilizama chini kabla mtoto hajamaliza kukiweka mezani, na maji ya juu yakawa meupe. Kikombe cha mfinyanzi kilikuwa bado kimechafuka asubuhi iliyofuata, na hata siku ya tatu maji yake hayakuwa safi. Chembe ya mchanga ina kipenyo cha milimita 0.05 hadi 2, ilhali ya mfinyanzi haifiki hata milimita 0.002, na chembe ndogo kiasi hicho huelea muda mrefu sana kabla ya kuzama. Mtoto wa miaka 5 hana haja ya tarakimu hizo. Anachohitaji ni kuona vikombe viwili asubuhi na kuulizwa ni kipi ambacho udongo wake ungesafiri mbali zaidi kama maji yangeendelea kwenda. Wote walionyesha kile kilichochafuka, na kwa jibu hilo wamekwisha kuanza kuelewa kwa nini changarawe hubaki karibu na milima wakati tope laini hufika baharini.

Kasoro ya trei ni mdomo wake mwembamba, ambao huzibwa na changarawe katika dakika ya kwanza, maji yakajaa na kumwagika pembeni. Kipande cha wavu kikitegwa ndani ya mdomo kinatatua jambo hilo.

Sasa nije kwenye kijitabu, ambacho kimenipa kazi zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kijitabu kinatumia neno mmomonyoko kwa kila jambo linalofanya mwamba au udongo upungue: barafu ikipasua jabali ni mmomonyoko, mzizi ukipanua ufa ni mmomonyoko, mto ukibeba mchanga ni mmomonyoko, na jiwe la chokaa likilika kwa maji yenye asidi nao ni mmomonyoko. Kwa mtu mzima huu ni uzembe mdogo unaovumilika. Kwa mtoto ni hasara, kwa kuwa unafuta tofauti ambayo ndiyo ufunguo wa somo zima: kuvunjika ni jambo moja na kuchukuliwa ni jambo la pili. Jabali linaweza kupasuka vipande elfu kwa baridi na joto, na vipande vyote vikabaki palepale, ikawa hakuna mmomonyoko uliotokea bado. Mmomonyoko huanza pale kipande kinapoondolewa mahali pake na maji, upepo, barafu inayotambaa, au uzito wake chenyewe kikiporomoka kwenye mteremko.

Inashangaza kwamba kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili kimekosea hapa, maana lugha yetu haina upungufu wa vitenzi vya kusaidia. Ukuta humomonyoka, jabali hupasuka, kingo za mto huporomoka, soli ya kiatu hulika, na kipande humeguka. Mtoto wa miaka 6 anavitumia vitenzi hivi vyote kila siku bila kufundishwa, naye anajua kabisa kwamba kiatu kinacholika hakikuporomoka. Nilikiweka kijitabu kando, nikawapa watoto maswali matatu ya kuuliza juu ya kila jiwe na kila rundo la udongo: nani amelivunja, nani amelibeba, na limelala wapi? Neno nani lilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Watoto wa umri huu hupenda kumtafuta mhusika, na ukiwaruhusu kumtafuta watajibu kwa usahihi wa ajabu kwamba barafu imevunja, mto umebeba, na bahari imelaza. Najua wapo watakaosema kwamba kuuita mto nani ni kumpotosha mtoto. Mimi naona kwamba mtoto huyo huyo huongea na vijiti akijua ni vijiti, na kwamba upotoshaji wa kweli ni ule wa kumfanya aamini kuwa kuvunja na kubeba ni kitu kimoja.

Kwa upande wa kuvunja, jaribio zuri katika kijitabu ni lile la barafu. Unafinyanga tufe la mfinyanzi uliolowa vizuri, unalifunga kwa plastiki nyembamba, unaliweka kwenye friza usiku kucha, na asubuhi unakuta limejaa nyufa. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya ufa wa mwamba hayana pa kwenda ila kuusukuma ufa upanuke; yakiyeyuka yanaingia ndani zaidi, yakiganda tena yanasukuma tena. Tulilirudisha tufe lilelile mara nne. Usiku wa nne likagawanyika vipande viwili, na nadhani sijawahi kusikia kelele kubwa kama ile kwa sababu ya donge la udongo.

Mawe yalikuwa na mkasa wake. Kijitabu kinasema vipande vya mawe vitiwe ndani ya chupa pamoja na maji, vitikiswe mara 100, na maji yatachafuka kwa unga uliotoka kwenye mawe yote matatu. Jiwe la mchanga lilitii, na chembe zake zilijikusanya chini kabla hatujafika 100. Jiwe la chokaa lilitoa weupe hafifu. Itale haikutoa kitu. Watoto walitikisa mara 100, wakapokezana hadi 300, na kwa siku nne walifika mara 1,000, maji yakabaki kama yalivyotoka bombani. Walihuzunika, na mmoja akaniuliza kama jiwe hilo ni la uongo. Lilikuwa jiwe la kweli kuliko kijitabu kilivyokuwa cha kweli, kwa sababu itale imeundwa na madini magumu yaliyoshikamana tangu yalipopoa kutoka katika hali ya kuyeyuka ndani ya ardhi, ilhali jiwe la mchanga ni chembe zilizogandishwa pamoja kwa saruji ya asili ambayo mara nyingi ni dhaifu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya jabali moja libaki limesimama wakati yaliyolizunguka yamekwisha kuondoka. Lingekuwa somo zuri sana kama kijitabu kingelisema, badala ya kuahidi kwamba mawe yote yatafanana.

Chaki ndani ya chupa hiyohiyo ilifanya vizuri. Vipande vyenye pembe kali viliingia, na baada ya mitikiso 200 vikatoka vikiwa vya mviringo, na unga mwingi ukiwa umebaki chini. Niliwaonyesha watoto kokoto laini ya mtoni na kipande cha jiwe kilichopasuliwa kwa nyundo, nikawauliza ni lipi kati ya hayo limesafiri. Hakuna aliyekosea.

Lakini chaki hiyohiyo ndiyo iliyoniaibisha mbele ya watoto. Ukurasa wa 14 unaeleza kwamba ukidondoshea chaki siki itatoa mapovu, na kwamba hivyo ndivyo maji ya mvua yenye asidi hafifu yanavyolila jiwe la chokaa na kuchimba mapango. Tulidondosha siki, tukangoja, na chaki ikalowa tu. Sababu ni kwamba chaki nyingi za kuandikia siku hizi hutengenezwa kwa jasi, ambayo haitoi mapovu kwa siki, badala ya chokaa ya asili. Kwa bahati kipande cha jiwe la chokaa kilichomo sandukuni kilitoa mapovu, madogo lakini ya kuonekana hasa ukisogeza kioo cha kukuzia, na ganda la yai lilitoa mengi zaidi, kwa kuwa nalo limetengenezwa kwa kitu kilekile kinacholijenga jiwe la chokaa. Ni dhahiri kwamba aliyeuandika ukurasa huo hakuijaribu chaki aliyoifungasha. Kosa la namna hii ninalihesabu kuwa zito kuliko mdomo ulioziba, maana mtoto akiambiwa ataona jambo asilione, hujifunza kusema ameona.

Sehemu ngumu kuliko zote katika somo hili ni muda, na hapa sijui sanduku lingefanya nini. Udongo wa trei husombwa ndani ya dakika mbili, na mtoto anayeona hivyo ana haki ya kufikiri kwamba mabonde yalichimbwa ndani ya alasiri moja. Mojawapo ya kadi ina picha ya Grand Canyon nchini Marekani, bonde lenye urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi mita 1,800, na nyuma yake imeandikwa kwamba mto Colorado ulilikata bonde hilo kama kisu kwa mamilioni ya miaka. Sentensi hiyo ina matatizo mawili. La kwanza ni kisu, kwa sababu maji matupu hukata mwamba mgumu kwa shida sana, na kazi kubwa hufanywa na mchanga, changarawe na mawe yanayoburutwa na mto juu ya mwamba, kama msasa juu ya ubao. Nilimpa kila mtoto kipande cha jiwe la mchanga, akakisugua kwanza kwa kidole kilicholowa, kisha kwa kidole kilicholowa na kupakwa mchanga, na hakuna maelezo zaidi yaliyohitajika.

Tatizo la pili ni hayo mamilioni, ambayo kwa mtoto wa miaka 5 hayana tofauti na juzi. Nilianza kwa kamba ndefu iliyowekewa alama, ikashindwa, kwa kuwa watoto waliishia kuvutana nayo. Kilichofaulu ni karatasi. Wanajiolojia wengi hukadiria kwamba mto huo umekuwa ukilichimba bonde kwa miaka milioni 5 hadi 6, na ukigawanya kina kwa miaka hiyo unapata wastani wa karibu milimita 0.3 kwa mwaka, ambayo ni unene wa karatasi tatu za kawaida. Basi kila mtoto alihesabu karatasi tatu kwa kila mwaka wa umri wake, akazibana kwa vidole viwili: mtoto wa miaka 6 alishika karatasi 18, unene usiofika milimita 2, na hivyo ndivyo mto ungekuwa umechimba tangu alipozaliwa. Kisha nikaiweka kadi yenye picha mbele yao. Ni wastani tu, naelewa, kwa kuwa mto huchimba zaidi wakati wa mafuriko na umekuwa na vipindi vya kasi na vya pole. Lakini ukimya uliofuata ulinitosha kujua kwamba kitu fulani kimeingia.

Katika kadi zote, iliyo bora inaonyesha mahali ambapo hakuna mmomonyoko wa maji wala wa upepo. Ni picha ya unyayo wa mwanaanga kwenye vumbi la Mwezi, ulioachwa na msafara wa Apollo 11 mwezi wa Julai 1969. Swali lililoandikwa nyuma yake ni fupi: je, unyayo huu bado upo? Watoto wangu, ambao kufikia hapo walikuwa wamekwisha kuzoea kumtafuta nani, walianza kumtafuta na wasimwone. Mvua hakuna, upepo hakuna, mto hakuna, nyasi hakuna. Walihitimisha wenyewe kwamba lazima upo, na wako sahihi, ingawa vijiwe vidogo mno vinavyodondoka kutoka angani huusaga uso wa Mwezi polepole sana na siku moja, baada ya mamilioni ya miaka, vitaufuta. Mtu aliyebuni kadi hii anaelewa watoto. Natamani angeandika pia kijitabu.

Kuhusu upepo sina mengi ya kusema. Kipulizio cha mpira hakina nguvu ya kuinua chembe yoyote isipokuwa imekauka kabisa, na zikikauka huingia machoni. Hapakuwa na miwani ya kinga ndani ya sanduku, na kwa watoto wa umri huu hilo ni kosa la mtengenezaji. Niliacha jaribio hilo siku ya kwanza, nikatumia kadi ya dhoruba za vumbi zilizoyakumba maeneo ya tambarare ya Marekani katika miaka ya 1930, ambako nyasi za asili zilikuwa zimelimwa na ukame ukaja juu yake. Dhoruba ya tarehe 14 Aprili 1935 ilikuwa nzito hata mchana ukageuka giza, na kabla mwezi huo haujaisha nchi hiyo ilikuwa imepitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Watoto walivutiwa na giza la mchana. Mimi nilitaka waone kwamba ni kisa kilekile cha kikombe cha kwanza, mharibifu akiwa mwingine.

Jambo la mwisho ninalolilaumu katika kijitabu ni neno kupotea. Kila ukurasa unasema udongo hupotea, udongo umepotea, tuzuie upotevu wa udongo, na mmomonyoko umechorwa kama jitu lenye meno. Ninaelewa nia yake. Sentimita moja ya udongo wenye rutuba huchukua miaka mia kadhaa kujengeka, na mahali pengine hata miaka 1,000, na shamba linaweza kuipoteza katika majira machache ya mvua. Ni haki mkulima kuuita upotevu. Lakini kwa mtoto anayejifunza kufuata safari, udongo uliopotea ni udongo ambao hatautafuta. Tope lililotoka katika nyanda za juu za Ethiopia ndilo lililorutubisha kingo za mto Nile kwa maelfu ya miaka, mpaka bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilipoanza kulizuia nyuma ya ukuta wake. Mahali pamoja paliondokewa, mahali pengine pakapokea. Hasara ya mwenye mteremko ni ya kweli, na mtoto anaweza kufundishwa matuta, nyasi na majani ya kufunikia kama njia za kuipunguza bila kuambiwa kwamba kuna jitu.

Kwa anayetaka kununua, nashauri lisitumiwe na watoto zaidi ya wanne kwa wakati mmoja kwenye trei moja, kwani wa tano hubaki kutazama migongo. Watoto wa miaka 5 wataishia kwenye trei na vikombe, na hiyo inawatosha. Wa miaka 7 na 8 watafika kwenye mawe, siki na karatasi. Plastiki ya trei ni nene na haikupata ufa hata baada ya kuangushwa mara mbili, lakini kabari za mbao zilivimba kwa kulowa na moja imeanza kupasuka. Mfuko wa mfinyanzi uliisha juma la tatu, nao hauna shida kuubadilisha kwa mfinyanzi wowote. Kati ya nyota tano ninaipa trei tano, kadi nne, na kijitabu mbili, moja ya hizo ikiwa ni kwa ajili ya barafu.

Vile vikombe vitatu vingali dirishani. Maji ya kikombe cha udongo wazi yamekwisha kukauka, na tope lililobaki chini limepasuka vipande vipande. Leo asubuhi watoto wawili walikuwa wamesimama mbele yake wakibishana ni nani aliyelivunja.